Wakaguzi

Tangi lilikuwa la lita mia tano,
chuma cha pua, limesuguliwa hadi likinirudishia meno yangu
kila nilipolisogelea kulisifu.
Nililiunga mwenyewe, hapa Cheyo, nyuma ya mashine ya kusaga ya Lutamla,
kwa leza
tuliyoichangia mimi na Sizya miezi kumi na minne
tukila mlenda hadi mate yakasahau nyama.

Usinione najivuna.
Miaka kumi na tisa nimegonga makapi ya elektrodi kwa nyundo,
nimelala na vipande vya viazi juu ya macho,
suruali zangu zote zina nyota.
Sasa hapakuwa na makapi,
wala bati kujikunja kama karatasi iliyoonja moto.
Kidoa chekundu kilitangulia kama mbwa ajuaye njia,
na nuru yenyewe, ile ya kazi, haionekani;
hupita kimya, na ikiyataka macho yako huondoka nayo.
Mshono ukatoka mwembamba, wenye magamba ya dagaa.
Hata Kapufi, aliyenipa nyundo ya kwanza,
alipitisha kidole gumba, akasema: "Hapa sina neno."

Likapandishwa kwenye Fuso, likaenda Sikonge
kwa akina mama wa asali ya miyombo.

Siku ya tisa Nyanzobe, mweka hazina, akanipigia.
Hakunisalimu.
"Fundi, una wageni."

Hapakuwa na tone. Nilipapasa, nikanusa, nikalamba. Pakavu.
Lakini sisimizi walipanda mguu wa kushoto wa stendi,
wakaufuata mshono wangu kama barabara,
wakasimama vidole vinne kutoka kwenye koki,
wakainamisha vichwa.
Mshono wa pili, mweusi, unaotembea,
na ule haukuwa na kasoro.

Tukakinga ndoo ishirini na tano, hakuna aliyeniambia kitu.
Nikawasha grenda, nikalifungua kosa langu kwa mkono wangu.
Nje: mstari.
Ndani: kingo mbili za bati zinatazamana
kama ndugu waliopatanishwa mbele ya watu,
wakapeana mikono, wakarudi nyumbani kila mtu na lake.
Na vitundu, kama tumbo la kitumbua.

Nikakumbuka. Oktoba ile, joto lile la Tabora,
nilivuta feni karibu, ikaipeperusha gesi iliyokuwa ikiulinda moto.
Na bati nililikata kwa haraka; palibaki mwanya
wa unene wa kadi ya simu.
Elektrodi ingenisitiri. Elektrodi hujitoa mwili, huyeyuka, hujaza.
Mwale hauna mwili wa kutoa.
Ukiukosesha chuma cha kushika
unapita katikati, unakwenda zake.

Nimeliunga upya. Feni imezimwa, jasho linaingia kwenye miwani.
Kingo zimebanwa hadi ukucha haupenyi,
zimefutwa kwa spiriti kama mkono unaosubiri sindano.
Nje chokaa, ndani mafuta ya taa, usiku kucha:
chokaa ikaamka nyeupe.
Nikaliosha kwa maji ya moto, mara nne, hadi harufu ikanisamehe.

Bado sikutosheka.
Siku hizi kila tangi, kabla ya kutoka,
hulala uani na asali kidogo tumboni,
karibu na ukuta wa choo, wanapokaa wale.
Sizya ananicheka. Kwenye daftari, safu ya mkaguzi,
ameandika: "Wenyewe."

Asubuhi siangalii chuma. Naangalia ardhi.

Jana walikuja wawili.
Wakazunguka mguu mmoja, wakapima hewa kwa papasi zao,
wakarudi.
Nyanzobe anasema atamalizia malipo masika yakiisha.
Sikumwambia habari za wale wawili.